Akazehe na Magitaa ya Wafini

Nikisema kazini kwamba mama yangu yumo kwenye albamu ya bendi ya Wafini, wale Wazungu wa Ufini wa nywele ndefu na magitaa yanayokoroma, hakuna anayeniamini. Rafiki yangu Mkongo, tunayesimama naye kwenye mkanda mmoja wa kupitishia maboksi ghalani hapa Okolona, Louisville, alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Bon, donc mama yako wa kanisa, eko naimba na bale batu benye banalia sawa simba?" Nikamwambia ndiyo, ndio haohao. Akafuta machozi kwa mkono wa sweta, tukaendelea kupanga maboksi.

Simlaumu. Mimi mwenyewe nikiikumbuka safari ile, inanijia kama ndoto ya mtu aliyelala mchana baada ya shifti: theluji isiyokwisha, soksi za sufu, harufu ya kahawa, na sauti ya mama ikitoka kwenye spika kubwa kuliko friji yetu. Kuna asubuhi huamka nikajiuliza kama kweli tulikwenda. Halafu nakumbuka kilemba cha mama kikiwa juu ya kiti, na najua tulikwenda.

Lakini nikianzia Buffalo, tulikokwenda kurekodi, sitaeleweka. Nianze na salamu.

Kwetu Burundi, wanawake wawili wakikutana baada ya kupoteana siku nyingi, hawasemi "habari" wakamaliza. Hushikana mikono juu ya viwiko, wakasogezeana nyuso, mmoja akaanza kuimba na mwenzake akapokea. Salamu hiyo inaitwa akazehe. Anayeanza huuliza kwa wimbo: umeamkaje, mume je, watoto je, ng'ombe je, baba je, mama je. Anayepokea hupenyeza "ego" yake, yaani ndiyo, kila mwenzake anapovuta pumzi, upesi, bila kukosea, kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja na michi haigongani. Hakuna nafasi ya kufikiri. Ni ego, ego, ego kwa kila kitu. Kama ng'ombe wamekufa, hilo utalisema baadaye, mkishakaa na kunywa maji.

Mimi nilikulia kambini Kigoma, na huko niliisikia karibu kila juma, kwa sababu kambini watu hupoteana na kuonana tena kila mara. Mama yangu na dada yake mkubwa walikuwa mabingwa. Mama mkubwa ndiye aliyekuwa akianza, mama akipokea. Mmoja akirudi kutoka kuokota kuni siku nzima, utafikiri ametoka ng'ambo ya dunia. Watu waliacha sufuria jikoni wakaja kusikiliza. Bibi yangu, mama yao, alikaa kwenye mkeka akitikisa kichwa na kusema hawa watoto wangu wana kelele. Alikuwa anajisifu, mzee yule.

Mama mkubwa alitangulia kuja Marekani na watoto wake, wakampeleka Columbus. Bibi alikuwa mgonjwa tayari, na ni yeye mwenyewe aliyemfukuza: nenda, usiningoje mimi. Msimu uleule wa mvua akafariki. Mama akamzika bila dada yake. Miaka ikapita ndipo na sisi tukaletwa, wakatutua Louisville, na wiki haikuisha mama mkubwa akapanda basi akaja kutuona.

Mlango ule siusahau. Mama mkubwa alisimama kizingitini na koti zito la rangi ya majivu, akamshika mama mikono, akaanza. Mimi nilikuwa nyuma yao na sufuria ya chai mkononi, nikisikia nywele zinanisisimka kwa raha. Ego, ego, mama anapokea, sauti mbili zinapishana kama zamani. Halafu katikati, mama akanyamaza. Wimbo wa mama mkubwa ukatembea kidogo peke yake, ukasimama. Mama akaachia mikono, akasema kwa Kiswahili, kama mtu anayezungumza na mpangaji mwenzake, "Karibu ndani, baridi inaingia."

Tukanywa chai. Hakuna aliyeuliza.

Sasa usidhani waligeuka maadui. Walipigiana simu kila Jumapili baada ya kanisa. Mama alimtumia ndagala, wale dagaa wa kwetu, na unga wa muhogo kwa yeyote anayeendesha gari kwenda Columbus, na mama mkubwa alitutumia vitenge kutoka maduka ya Barabara ya Morse. Lakini akazehe, hapana. Walipokutana kwenye harusi na misiba walishikana mkono kama wachungaji wawili. Sote tuliamini mama ana kinyongo kwa sababu aliachiwa mazishi. Mama mkubwa aliamini hivyo kuliko sote. Siku moja, presha imempanda na amelazwa, aliniambia akiwa amefumba macho, "Mwanangu, nisizikwe salamu yangu ikiwa imesimama mlangoni kwa mama yako." Nikatoka nje ya kile chumba nikalia kwenye ngazi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilikuwa nimechoka na ukimya wa watu wazima.

Basi mtoto wa mama mkubwa, ambaye kwangu ni kaka, alisomea mambo ya sauti na mitambo kule Amherst, pembeni ya Buffalo, akabaki hukohuko akifanya kazi kwenye studio moja ya Buffalo. Mchana mmoja nimelala, mapazia yamefungwa, simu ikalia. "Dada," akasema, "kuna Wafini hapa wanataka akazehe."

Nikamwambia anipigie nikiwa mzima.

Lakini ilikuwa kweli. Bendi ile inacheza muziki wa chuma, ule uitwao hevi metali, ngoma za kupasua masikio, ila ndani yake wanatia ala za mababu zao: akodiani, fidla, na kinanda cha nyuzi cha kupakata ambacho kaka aliapa kinafanana na inanga ya kwetu. Walikuwa wamekuja Buffalo kumalizia albamu kwa sababu fundi wanayemwamini anaishi hapo. Mpiga akodiani wao, mwanamke, alimsikia kaka siku moja akiangalia video ya mama yake akimsalimu jirani kwenye harusi ya Wahaya na Warundi kule Northland, mtaani kwake Columbus. Akaomba airudie. Akaomba tena. Kisha akasema wimbo wa kwanza wa albamu ufunguliwe na hiyo sauti, kabla ya gitaa lolote.

"Mama amekubali," kaka alisema, "ila anahitaji mtu wa kupokea. Mwambie mama mdogo."

Nilimwambia mama akiwa anakunja nguo. Niliuchagua wakati huo makusudi, kwa sababu mama akikunja nguo moyo wake hutulia. Nikamwonyesha na picha ya bendi, na hapo nilikosea. Kulikuwa na mtu mwenye ndevu hadi kifuani amepaka masizi usoni, ameshika pembe la mnyama.

"Kuimba siimbi," mama alisema. Akakunja shati. Akakunja lingine. "Lakini nitakwenda. Siwezi kumwacha dada yangu aende peke yake kwa watu wa shetani."

Kwa hiyo kazi ya kupokea ikaniangukia mimi, ambaye hujikwaa hata kwenye pambio la kanisa.

Tuliondoka Louisville alfajiri, mimi usukani, nikiwa nimetoka shifti na muungurumo wa mkanda ungali masikioni. Ukikesha kwenye mkanda ule, dunia yote huwa inatembea hata ukisimama. Ohio ilipita nje ya dirisha kama maboksi: shamba, ghala, shamba, kanisa, shamba. Mama alikaa mbele na mkoba mapajani, mikono yote miwili juu yake. Northland tulimkuta mama mkubwa amekwisha kuvaa, amesimama chini ya ngazi za ghorofa na kikapu cha chapati. Walishikana mkono. "Umeamkaje." "Vizuri." Nikafungua mlango wa nyuma, nikasonya moyoni.

Njiani nilimwomba mama mkubwa tujaribu, nipate kujua pa kuingia. Alishangaa kabisa.

"Tujaribu nini?"

"Akazehe. Mazoezi."

"Wewe nimeshakusalimu. Nikikusalimu tena ndani ya gari hilihili, kesho utanipeleka hospitali ya vichaa."

Mama, kando yangu, aliguna. Ilikuwa guno la kukubali. Katika jambo hilo walikuwa pamoja: salamu haifanyiwi mazoezi, huwezi kumsalimu mtu uliyenaye. Theluji ikaanza baada ya Cleveland, na ziwa likawa linaonekana na kupotea upande wa kushoto, jeupe, halina mwisho. Mama mkubwa akalala. Nikamwona mama akigeuka polepole, akamtazama dada yake aliyelala kwa muda mrefu, kisha akalivuta lile blanketi la watoto wangu akamfunika magoti. Akarudi kutazama mbele kana kwamba hakufanya kitu.

Studio ilikuwa ndani ya jengo la matofali lililowahi kuwa kiwanda. Tulipofika mlangoni mama alisimama, midomo inacheza, najua alikuwa anakemea pepo. Mlango ukafunguliwa na yule mtu wa ndevu. Hakuwa na masizi. Alikuwa amevaa soksi nene za sufu zenye mistari, na nyuma yake zilipangwa jozi za viatu, safi, karibu na ukuta. Akatuonyesha kwa mkono, kwa haya, kwamba tuvue.

Mama alivitazama vile viatu. "Wanavua viatu," akamwambia dada yake.

"Naona," akajibu mama mkubwa.

Pepo wakasahaulika papo hapo. Mzungu anayevua viatu mlangoni, kwa mama, ana nusu ya wokovu.

Yule wa ndevu ndiye mwimbaji, ndiye anayenguruma. Lakini nje ya chumba cha kurekodi alizungumza kwa kunong'ona tu, akitunza koo, na siku nzima alikunywa maji ya moto na asali. Mara moja tu aliingia ndani akanguruma, tukaona kupitia kioo mishipa ya shingo ikimsimama. Mama alishika msalaba wake. Jamaa akatoka, akainamisha kichwa, akanong'ona jambo. Kaka akatafsiri: "Anaomba radhi kwa kelele." Mama akatoa tangawizi kwenye mkoba wake, maana hasafiri bila tangawizi, akamkatia kipande atie kwenye maji yake. Kuanzia hapo alimwita "yule mtoto mwenye koo".

Walikuwa watu wa kimya. Wanakaa, wanakunywa kahawa, hakuna anayesema, na hakuna anayeona ni vibaya. Joto la chumba, theluji dirishani, taa ndogondogo za mitambo zikiwaka na kuzima, na mimi sijalala: nilielea tu. Kaka alitueleza jinsi wanavyotengeneza. Nilidhani bendi hukaa pamoja ikapiga. Kumbe sivyo. Ngoma zilipigwa kwao Ufini wakati wa kiangazi. Magitaa yalirekodiwa baadaye, mmoja mmoja, kila mtu na hedfoni zake akisikiliza wenzake waliokwisha kuondoka. Akodiani iliingia juma hili. Mtu anaimba leo, mwenzake anamjibu baada ya miezi, na wewe msikilizaji unasikia watu walio pamoja.

"Kwa hiyo mama ataimba peke yake," kaka akasema, "ataacha nafasi za ego. Kisha dada ataingia azijaze."

Mama mkubwa alikitazama kile chumba cha nyuma ya kioo, kimebandikwa sponji kila upande, na maikrofoni moja katikati.

"Nitamsalimu nani humo? Ukuta?"

Kaka alijaribu kueleza. Mama mkubwa alikataa katakata. Akazehe haiimbiwi hewa, lazima kuwe na mikono ya kushika. Basi kimya kikawa kirefu, na hiki kilikuwa kibaya, si kile cha kahawa. Yule mwanamke wa akodiani akauliza kuna nini. Alipoelezwa, aliweka kikombe chini, akaingia chumbani na soksi zake, akasimama mbele ya maikrofoni, akanyoosha mikono yake miwili.

Kabla ya kuanza alisema kitu, na kaka akatufasiria. Bibi yake alitoka mashariki ya nchi yao, upande uliochukuliwa baada ya vita. Waliiacha nyumba yao na mlango wake ng'ambo ya mpaka, wakahamia kwa watu wengine. Bibi huyo alikuwa akiimba kwa kulia, jikoni, na hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kuuliza. Albamu yote ilikuwa inahusu nyumba hizo.

"Kumbe na wao ni wakimbizi," mama akasema kwa sauti, kama aliyevumbua dawa.

Mama mkubwa akaingia. Akaishika ile mikono mirefu myeupe juu ya viwiko, akafumba macho, akaanza.

Sisi tulikuwa tunasikia kupitia spika. Nimeisikia sauti ya mama mkubwa maisha yangu yote, lakini sijawahi kuisikia hivyo, karibu hivyo, pumzi na mate na kila kitu, kama ameweka mdomo kwenye sikio langu. Alimwita mdogo wake. Hakutaja jina, alisema tu mdogo wangu, wewe uliyenifuata mgongoni kwa mama. Alimwuliza ameamkaje. Alimwuliza watoto, alimwuliza nyumba, akiacha upenyo mdogo wa ego kila mahali, na Mfini ameshika mikono yake bila kujibu, macho yake makubwa, akipokea kwa uso tu. Nikamtazama mama pembeni. Alikuwa amekaa kwenye kochi, mkoba mapajani, chai haijaguswa.

Kisha wimbo ukafika pale unapouliza wazazi. Najua mahali hapo, kila mwanamke anapajua. Unauliza, na mama yetu yu mzima? Mama mkubwa alifika, akasimama. Halafu akaimba, kwa sauti ileile, maneno ambayo hayamo kwenye akazehe yoyote:

"Na mama yetu ulimlaza wapi, mdogo wangu? Ulimlaza vipi?"

Akaacha nafasi. Ilikuwa ndefu kuliko ya ego. Kisha akaendelea na majirani, mbuzi, mashamba, mpaka mwisho.

Alipotoka hakumtazama mama. Alikaa upande wa pili wa kochi, akavuta sketi yake magotini. Kaka alishughulika na vitufe kupita kiasi. Nikaitwa mimi.

Niliingia nikavaa hedfoni. Mwanzo nilijitahidi, ego yangu ikiingia kama mtu anayevuka barabara kwa woga. Lakini nilipofika pale pa bibi nikakwama. Swali lile halina ego. Turudie, kaka akasema. Tukarudia, nikakwama. Tukarudia tena.

"Dada, weka chochote hapo," sauti yake ikaniambia masikioni. "Hawaelewi Kirundi."

"Chochote?" Nilichemka. "Mama yako ameuliza bibi yetu amelazwa wapi, nami niweke chochote? Weka wewe!"

Nilikuwa ningali nabwata, nikaona kwenye kioo kochi lina mtu mmoja tu. Mlango nyuma yangu ukafunguka.

"Toka," mama akasema.

Nikampa hedfoni. Hazikumwenea juu ya kilemba. Akazijaribu hivi, akazijaribu vile, kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya mbele ya mwanamume asiye wa nyumbani: akavua kilemba, akakiweka juu ya kiti. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Nilikuwa sijui.

Nilirudi upande wa pili wa kioo. Kaka akaanzisha wimbo, na mama akapokea. Mungu wangu. Ego, ego, ego, mchi na kinu, kana kwamba walikuwa wameachana jana. Dada yake alikuwa masikioni mwake, na dada yake halisi alikuwa kwenye kochi, amekaa wima, mkono mdomoni.

Wimbo ukafika mahali pale. Mama mkubwa wa kwenye spika akauliza. Na mama akajibu.

Alimjibu kwa kuimba. Alisema nilimlaza juu ya kilima, nyuma ya bomba la maji la mwisho, kichwa chake kikitazama milima ya kwetu. Alisema mvua ilinyesha, wachimbaji walikuwa majirani, shimo lilijaa maji wakayateka kwa ndoo. Nafasi iliyoachwa ilikwisha. Mama mkubwa wa kwenye spika aliendelea kuuliza mbuzi na majirani, na mama hakumngoja, alikuwa anaimba juu yake. Kaka akanyoosha mkono kusimamisha. Yule mwanamke wa akodiani akamshika kifundo cha mkono, taratibu, akamzuia. Rekodi ikaisha. Masikioni mwa mama hapakuwa na kitu tena, naye akaendelea: sikuwa na sanda, nilimfunika kile kitenge chako chekundu ulichomwachia, dada yangu, nikakikunja mara mbili kifuani asipate baridi.

Hapo ndipo nikasikia kando yangu sauti ndogo.

"Ego."

Alikuwa mama mkubwa. Mkono uliokuwa mdomoni ulianguka bila yeye kujua. "Ego," akasema tena, mama alipovuta pumzi. "Ego. Ego." Yeye aliyeanza maisha yake yote, sasa anapokea. Mama hakuweza kumsikia, kioo kilikuwa kinene, hedfoni masikioni na macho yamefumbwa. Lakini ego ziliingia kila moja mahali pake, hakuna hata moja iliyogongana na sauti ya mama. Nililia bila aibu. Yule mtoto mwenye koo aligeukia ukuta.

Mama alipotoka, kilemba kimerudi kichwani kimekaa upande, alisimama mbele ya dada yake.

"Siku ile pale mlangoni," akasema, "ulifika kwa mama, ukaniuliza kama yu mzima."

Mama mkubwa alimtazama bila kuelewa. Kisha nikaona inamwingia, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye nguo.

"Ulimi ulikwenda wenyewe," akasema. "Ndivyo salamu inavyokwenda."

"Najua."

"Nilijua amekufa. Nilijua. Ulimi tu..."

"Najua, dada. Lakini mimi ningesemaje ego?"

Miaka yote hiyo. Tulidhani ni kinyongo, tukakilea kile kinyongo kwa heshima, tukakipisha kwenye harusi na misiba, na kumbe hakikuwapo. Mama alishindwa tu kusema ndiyo. Na hakuweza kulieleza, kwa sababu kulieleza kungekuwa kumwambia dada yake umekosea salamu, na hilo mdogo hamwambii mkubwa.

Mama mkubwa alivuta mdogo wake kwa sketi, akamketisha. "Kile kitenge," akasema, "kilimtosha?"

"Kilimtosha. Kilibaki hata cha kufunika miguu."

Wakakaa. Mtu fulani akawamiminia kahawa. Hakuna aliyesema tena, na kile kimya kilikuwa cha Wafini, cha kukaa tu.

Nilimsikia kaka akiwaomba radhi, kwamba mama mdogo amepitiliza, kwamba wimbo uliopangwa hauwezi tena kuingia mahali pake. Yule wa ndevu alinong'ona. Kaka akanigeukia: "Anasema magitaa yatamngoja mama amalize."

Na yalimngoja. Albamu ilipotoka, nilimsikilizisha binti yangu, aliyezoea kunijibu kwa Kiingereza hata nikimuuliza kwa Kirundi. Wimbo wa kwanza unaanza na akodiani mbali sana, kama mtu anayepumua usingizini. Anaingia mama mkubwa, anapokea mama, na wanapofika pale pa bibi kila kitu kinanyamaza isipokuwa mama. Mvua, ndoo, kitenge. Ndipo yanaposhuka magitaa yote kwa pamoja, na ngoma zilizopigwa wakati wa kiangazi na mtu asiyemjua bibi yangu. Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa Kirundi kilichovunjika kile kilima kiko wapi.

Kitu kimoja tu hakimo. Ego za mama mkubwa hazikurekodiwa, hapakuwa na maikrofoni kwenye kochi. Kwa hiyo mama anapoeleza mazishi, anaeleza peke yake, na kila anapovuta pumzi kuna nafasi tupu. Asiyejua hataitambua.

Majuzi tulikuwa kwa mama mkubwa, Northland. Siku hizi hawaanzi kushikana mkono tena. Mlangoni wanaimba hadi majirani Wasomali wanafungua milango yao kuchungulia, na wakifika kwa wazazi, wanajua wenyewe wanavyopita. Baada ya chakula watoto wakauweka ule wimbo kwenye televisheni. Mama mkubwa alikuwa jikoni anasonga ugali, hakuja kukaa nasi. Mama yangu alikuwa kwenye kochi, macho yamefumbwa, akijisikiliza. Nilimlaza juu ya kilima, spika ikasema, ikavuta pumzi.

"Ego," mama mkubwa akaitikia kutoka jikoni, mwiko mkononi, akaendelea kusonga.